Maswali ya Wasomaji: Sandwichi ya Nyama ya Chicago kwenye Meza ya Tanga

SWALI: Mhariri wa safu ya chakula, assalaam alaykum. Mimi ni mama lishe hapa Chumbageni, Tanga. Mdogo wangu anaishi Chicago, Marekani, na kila tukizungumza ananisifia mkate uliojazwa nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba, kisha mkate wote ukachovywa kwenye mchuzi. Amenitumia picha kwa simu na sasa wanangu hawanipi raha. Naomba kujua chakula hicho kimetoka wapi, na kama kinafaa nyumbani kwangu, maana mume wangu ana presha na daktari amemwambia apunguze chumvi. Je, naweza kukipika kwa vitu vya soko letu? – Mama wa Chumbageni.

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Anachokusifia mdogo wako ni chakula cha mji mmoja hasa, Chicago na viunga vyake, ingawa tamthilia ya televisheni iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2022 imewafanya hata watu wa mbali waanze kukiulizia. Wenyeji hukiita nyama ya Kiitalia, lakini ukienda Italia ukaagiza kwa jina hilo hakuna atakayekuelewa, kwa sababu kilizaliwa Chicago mikononi mwa wahamiaji waliotoka Italia, wengi wao Italia ya kusini, walioingia Marekani kwa wingi kati ya miaka ya 1880 na miaka ya 1920.

Hutengenezwa hivi. Pande zima la nyama ya paja lisilo na mafuta mengi hupakwa kitunguu saumu, pilipili manga, oregano na viungo vingine vya majani, likaokwa polepole, likapozwa, kisha likakatwa kwa mashine vipande vyembamba sana. Vipande hivyo hurudishwa kwenye mchuzi mwepesi uliotokana na nyama yenyewe, mchuzi usio na unga wala nyanya, na hukaa humo vikiwa vya moto hadi mteja afike. Muuzaji huvitoa kwa koleo vikiwa bado vinachuruzika, akavishindilia ndani ya mkate mrefu, na juu yake akaweka ama pilipili hoho zilizopikwa zikalainika, ama achari kali ya mboga ambayo Waitalia huiita giardiniera. Mteja huulizwa anautaka mkavu, wenye mchuzi kidogo, au uliozamishwa mzima mzima. Aliyechagua wa kuzamishwa hawezi kuula kiungwana: husimama mbele ya kaunta, miguu ameirudisha nyuma, viwiko ameviegemeza mezani, akainama juu ya karatasi ili mchuzi udondokee hapo na si kwenye shati. Mkao huo una sifa yake mjini humo, na mgeni hutambuliwa kwa doa kifuani.

Sababu ya nyama kukatwa nyembamba kiasi hicho ni umaskini. Chicago ilikuwa na machinjio makubwa yaliyoitwa Union Stock Yards, yaliyofunguliwa mwaka 1865 na kufungwa mwaka 1971, na kwa miaka mingi hapakuwa na mahali Marekani palipopitisha mifugo mingi zaidi. Wahamiaji walifanya kazi humo au walikaa jirani, na nyama waliyoimudu ilikuwa ile ngumu ya paja na ya bega, kwa kuwa sehemu laini zilikwenda kwa wenye fedha. Nyama ngumu ukiioka haraka na kuikata nene haitafuniki, lakini ukiipika kwa moto mdogo kwa muda mrefu, nyuzi zinazoshikilia msuli huyeyuka na kuwa kama ute, na ukiikata nyembamba kinyume cha nyuzi zake, meno hayana kazi kubwa. Mchuzi nao uliirudishia unyevu ulioondoka jikoni, na mkate ukajaza tumbo.

Inasimuliwa kwamba chakula hiki kilipata umaarufu kwenye harusi za Waitalia hao, harusi za watu wa kipato kidogo zilizofanyika majumbani au kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, ambazo ziliitwa harusi za karanga kwa sababu karanga ndizo zilizopitishwa kwa wageni. Pande moja la nyama lilipaswa kulisha ukoo mzima, kwa hiyo kisu kilikwenda polepole na vipande vikatoka vyembamba. Wewe uliyewahi kugawa nyama ya pilau kwenye shughuli za Ngamiani huhitaji kuelezwa zaidi. Baadaye familia kadhaa zilianza kuuza mtaani. Duka la Al's Beef la mtaa wa Taylor linajitaja kuwa limeanza mwaka 1938, na wapo wanaompa heshima hiyo Pasquale Scala, muuza nyama na mtengenezaji wa soseji, tangu miaka ya 1920. Mimi sioni faida ya kugombania nani wa kwanza, kwa kuwa chakula cha harusi za ukoo hakiwi cha mtu mmoja.

Sasa tuje kwa baba watoto, kwa sababu hapo ndipo swali lako lilipo. Nyama yenyewe si adui mkubwa kama unavyodhani. Gramu 100 za nyama ya paja iliyopikwa na kuondolewa mafuta zina protini kati ya gramu 26 na 29, zina madini ya chuma kati ya miligramu 2.5 na 3, zina zinki na vitamini B12, na mafuta yake ni machache ukilinganisha na nyama ya mbavu. Aidha, hii si nyama iliyohifadhiwa kwa chumvi na nitriti kama soseji nyingi za kopo, na tofauti hiyo ina uzito: mwaka 2015 jopo la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa nyama za kusindikwa namna hiyo husababisha saratani ya utumbo mpana, ilhali nyama nyekundu ya kawaida iliwekwa kwenye kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha. Wataalamu wa lishe na saratani wanashauri nyama nyekundu iliyopikwa isizidi kati ya gramu 350 na 500 kwa wiki. Familia nyingi za Tanga, zinazokula samaki siku nyingi kuliko nyama, hazifiki huko.

Tatizo ni chumvi, na chumvi ya sandwichi hii imejificha mahali pengi kwa wakati mmoja. Mkate una chumvi yake, takriban gramu moja kwa kila gramu 100. Nyama imepakwa chumvi kabla ya kuokwa. Mchuzi umechemka ukapungua maji, na chumvi yake ikazidi kukolea. Achari imelowekwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kutiwa siki na mafuta. Halafu mteja anauchovya mkate wote, na mkate unakunywa mchuzi ule kama sifongo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asivuke gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hesabu hiyo ni ya kila kitu alichokula, kuanzia chapati ya asubuhi hadi wali wa usiku. Sandwichi moja ya dukani iliyochovywa inaweza kubeba sehemu kubwa ya kiasi hicho. Kwa mwenye presha, hilo ndilo la kuogopa, na daktari wake amesema kweli.

Jambo la pili ni ukubwa. Sandwichi ya harusi ya mwaka 1930 na ya duka la leo zina jina moja, lakini vipimo vimegeuka. Chakula kilichobuniwa ili nyama kidogo itoshe watu wengi sasa hujazwa nyama hadi mkate usifunge, na pembeni huwekwa chipsi na soda. Mkate wenye gramu 170 za nyama, ukiongeza achari yenye mafuta, unaweza kufika kalori 750 au zaidi kabla hujahesabu hizo chipsi. Mimi napendelea kipimo cha wale maskini: gramu 80 za nyama iliyopikwa, mkate wa gramu 90 hivi, na mboga nyingi. Hapo unapata takriban kalori 450 na protini karibu gramu 30, ambacho ni chakula kamili cha mchana kwa mtu mzima.

Kuhusu kupika, soko lako la Tanga lina karibu kila kitu. Buchani omba kilo moja ya steki ya paja katika kipande kimoja, na uombe mapema, kwa sababu panga la muuzaji likishashuka utapewa vipande vya mchuzi na safari imeishia hapo. Saga kitunguu saumu na pilipili manga ya Muheza, paka nyama pande zote, na tia chumvi nusu kijiko cha chai tu kwa kilo nzima. Oregano ikikosekana, tumia majani ya mrehani, ambayo huku pwani tumeyazoea kwenye nywele na vikuba kuliko kwenye sufuria, ingawa Waitalia huyapika kila siku. Kaanga pande zima kwa mafuta kidogo hadi ligeuke rangi ya kahawia, mimina maji yafike theluthi ya kimo chake, funika kwa mfuniko unaobana na uweke mkaa mchache. Saa mbili, na ugeuze mara moja katikati. Usitie kipande cha mchuzi cha dukani, kile cha mraba, maana karibu nusu ya uzito wake ni chumvi na kitaharibu hesabu yote.

Nyama ikiiva itoe, uipoze, kisha uilaze ndani ya friji usiku kucha, na mchuzi uwe kwenye chombo chake. Asubuhi utakuta juu ya mchuzi utando mweupe wa mafuta yaliyoganda: uondoe kwa kijiko, na hapo umeshapunguza mafuta ambayo moyo wa baba watoto hauyahitaji. Nyama baridi hukatika nyembamba hata kwa kisu cha kawaida, mradi kiwe kimenolewa na ukate kinyume cha nyuzi. Kilo moja mbichi hubaki gramu 650 hadi 700 ikiiva, kwa hiyo unapata mikate minane. Mchuzi uchemshe utokote, uuipue, ndipo uzamishe vipande kwa dakika moja hivi. Ukivichemsha pamoja na mchuzi vitajikunja na kuwa vigumu, na kazi ya usiku mzima itakuwa bure.

Achari ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, na ajabu yake ni kwamba mboga ambazo Waitalia wa Chicago huzitia humo, yaani koliflawa, karoti, seleri na pilipili, hushuka kwetu kutoka Lushoto. Zikate vidogo, zimwagie maji yanayochemka kwa dakika moja, zichuje, kisha uziloweke kwenye siki na maji ya ndimu pamoja na pilipili kali na mafuta kijiko kimoja. Ukiacha chumvi kabisa achari hii haitakaa miezi kama ile ya kwao, bali siku nne au tano kwenye friji, na kwa nyumba yenye watoto haitazifikia hizo. Ukali wa siki na pilipili hufanya ulimi usiikumbuke chumvi, na huu ndio ujanja ninaowapa wote wenye wagonjwa wa presha.

Mkate wa silesi usiujaribu, utameguka mkononi. Tafuta boflo la jana lenye ganda gumu, lipasue upande mmoja tu na ulipashe moto juu ya mkaa. Mchuzi kwa baba watoto uwe vijiko vitatu au vinne juu ya nyama, naye asichovye. Watoto waachie wachovye nusu. Anayekula chapati kwa supu ya ng'ombe alfajiri pale stendi anaijua raha hiyo tangu zamani, na sidhani kama Chicago ina la kutufundisha upande huo.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Ninasoma safu hii nikiwa Bagamoyo. Kijana wetu anakwenda Chicago kusoma, na jirani yake Mwislamu atakwenda naye. Nimesikia habari za mkate wa nyama wa mji huo. Je, Ijumaa za Kwaresima wanakula nini, na huyu mwenzake anaweza kuula bila wasiwasi? – Mzazi, Bagamoyo.

JIBU: Milele amina. Swali lako linanipendeza kwa sababu mji wako, uliopokea misheni ya Kikatoliki mwaka 1868 ukiwa tayari mji wa Waislamu wa miaka mingi, umezoea kupanga meza moja kwa watu wa dini mbili.

Waitalia waliobuni chakula hiki walikuwa Wakatoliki, na Ijumaa za Kwaresima hawali nyama. Maduka hayafungwi. Siku hizo huuza mkate ule ule uliojazwa mayai yaliyokaangwa pamoja na pilipili hoho, na wapo wateja wanaousubiri mwaka mzima. Mayai mawili yana protini gramu 12 hivi, na pilipili hoho ina vitamini C kwa wingi, kwa hiyo kijana wako hatapungukiwa. Kwa kuwa hakuna mchuzi wa nyama, chumvi yake nayo kwa kawaida huwa ndogo kuliko ya mkate wa siku nyingine.

Kwa jirani yake mambo mawili yanahitaji tahadhari. La kwanza ni kwamba nyama ya duka la kawaida haikuchinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu. La pili, ambalo mgeni anaweza asilifahamu, ni kwamba maduka mengi huuza mkate wa mchanganyiko, ambamo nyama ya ng'ombe huwekwa pamoja na soseji ya Kiitalia, na soseji hiyo kwa kawaida ni ya nguruwe. Koleo moja linaweza kugusa vyote viwili, kwa hiyo kusema tu kwamba hataki soseji hakutoshi. Chicago ina Waislamu wengi na wauza nyama halali, hasa kwenye mtaa wa Devon upande wa kaskazini, na kwa jinsi upishi huu ulivyo rahisi, vijana wawili wenye jiko moja wanaweza kununua nyama huko na kuipika wenyewe kama nilivyomweleza dada wa Chumbageni.

SWALI: Mimi ni mjamzito wa miezi mitano, niko Makorora, Tanga. Kliniki wameniambia damu yangu ni pungufu. Sandwichi ya nyama itanisaidia? – Dada wa Makorora.

JIBU: Itakusaidia, ila haitachukua nafasi ya vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi ulivyopewa kliniki. Gramu 80 za nyama zina takriban miligramu 2 za chuma, ambazo si nyingi, lakini chuma cha nyama huingia mwilini kwa urahisi kuliko kile cha mchicha au maharage, na nyama ikiliwa pamoja na mboga hukifanya hata chuma cha mboga hizo kiingie vizuri zaidi. Vitamini C nayo husaidia, na mjamzito wa Tanga hana kisingizio wakati machungwa ya Muheza yamejaa kila kona.

Kinachoharibu ni chai. Hapa kwetu mkate bila chai hauliwi, na majani ya chai yana viambato vinavyokamata chuma tumboni na kukizuia kisifyonzwe. Kunywa chai yako saa moja kabla au saa moja baada ya chakula, na vidonge vyako vile vile usivimeze kwa chai wala maziwa. Nyama yako iive kabisa. Ile ya katikati yenye wekundu, ambayo baadhi ya wapishi wa ng'ambo huipenda, waachie wasio na mimba.

SWALI: Nimejaribu kupika mchuzi wa nyama wa aina hii kwa ajili ya kuuza, na jioni hubaki sufuria nusu. Je, nauacha jikoni hadi kesho? – Muuza chakula, Tanga.

JIBU: Usiuache. Mchuzi wa nyama ulio vuguvugu ni mahali pazuri mno pa vijidudu kuzaliana, na vipo vinavyostahimili mchemko wa kwanza vikaamka mchuzi unapopoa taratibu ndani ya sufuria kubwa, na joto la Tanga la mwezi wa Februari huvisaidia. Mchana wote unapouza, mchuzi uwe wa moto unaofuka, usishuke chini ya nyuzi 60 za Selsiasi. Jioni umimine kwenye vyombo vipana vyenye kina kifupi, uviweke ndani ya beseni la maji baridi ili upoe upesi, na uingie kwenye friji kabla saa mbili hazijapita tangu uuipue. Kesho yake uuchemshe hadi utokote kabla ya kuuza, mara moja tu. Ukibaki tena siku hiyo, umwage. Na usiongeze mchuzi mpya juu ya ule wa jana, hata kama ladha yake inakushawishi.